Gari ya kufunguka paa kwa hapa Unguja: ipi uchukue, ipi uiache

Mtu akitaka gari ya kifahari ya kufunguka paa, huanza kuuliza injini, kilomita na rangi. Mimi namwambia aanze na paa. Injini iliyotunzwa itakwenda miaka, na mafundi wa kuishughulikia tunao. Paa ndilo linaloliwa na chumvi ya bahari, likachomwa na jua la kaskazi, kisha likaja kupimwa na masika. Na mafundi waliowahi kulikongoa na kulirudisha hapa kisiwani ni wachache mno.

Nimeyajua haya kwa pesa yangu. Gari yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa BMW Z4 ya toleo la mwanzo, lile la 2002 hadi 2008, lenye paa la turubai. Muuzaji alilifungua paa mbele yangu kwa sekunde kama 10 nami moyo ukaniruka, nikalipa. Sikujua kwamba pembeni linapokunjikia paa kuna vijitundu vya kutolea maji ya mvua. Nilikuwa naiegesha chini ya mkungu. Majani na vumbi vikaziba, maji yakajaa kwenye kishimo, na mota ya paa imewekwa humo humo kishimoni. Siku moja ya Aprili nilibonyeza kitufe nikasikia mlio mwembamba, kisha kimya. Fundi alipoitoa mota ilimwaga maji ya rangi ya chai. Mpaka spea ifike kutoka nje, gari ilikaa wiki kadhaa chini ya tandiko la nailoni.

Basi nenda kukagua gari na kopo la maji. Funga paa, mimina taratibu pale turubai au bati linapokutana na bodi nyuma ya mlango, na mwenzako achutame karibu na tairi la nyuma. Maji yatoke chini, upande huu na huu. Yakichelewa, mfereji umeziba. Yakiingia ndani, mpira wa kuzibia paa umekufa. Kisha nyanyua zulia, la miguuni na la buti, utie mkono chini kabisa na unuse. Uvundo haufichiki kwa manukato ya gari. Baada ya hapo washa injini, ufungue na kufunga paa mara tatu mfululizo. Mara moja haitoshi, maana pampu ya paa iliyochoka hujikaza mara ya kwanza tu. Na usikubali maneno ya "betri tu hiyo". Mwambie atie betri nzima, nawe urudi kesho.

Kwa anayeagiza Japani, omba karatasi ya mnada yenyewe, ile inayoandikwa hali ya gari, usitosheke na picha. Kwenye mchoro wa gari herufi S ni kutu na C ni chuma kilichokwisha kuliwa. Gari ya namna hiyo usiilete kisiwani, hata iwe rahisi vipi. Kutu iliyoanzia kwenye chumvi ya barabara za theluji itamaliziwa na upepo wa bahari hapa. Alama ya R ni gari iliyogongwa ikatengenezwa, na katika gari za kufunguka paa bodi ikipinda kidogo tu, paa halikai tena.

Sasa mpangilio wangu. Ya kwanza, na naisema bila kusita, ni Toyota Soarer ya 2001 hadi 2005. Ndiyo hiyo hiyo Lexus SC430. Japani iliitwa Soarer mpaka chapa ya Lexus ilipoanza kuuzwa huko mwaka 2005, na ikaendelea kutengenezwa hadi 2010. Injini yake ni V8 ya lita 4.3, ya ukoo ule ule wa Celsior na Crown Majesta, gari kubwa za Toyota, kwa hiyo fundi wa Toyota haipapasi gizani. Paa ni la alumini, linajikunja lenyewe kwa sekunde kama 25, na likifungwa unakaa kama kwenye gari ya kawaida isiyofunguka paa: mvua husikii, kunguru wakichafua unaosha yakaisha. Uliza mkanda wa taimingi, ule unaozungusha vali za injini, umebadilishwa lini. Kama haujulikani, hesabu kuwa haujabadilishwa na upunguze bei. Kasoro zake zipo. Viti vya nyuma ni vya mikoba, hata mtoto wa skuli hakai, na paa likiwa wazi buti halibaki na nafasi ya maana. Injini kubwa nayo hunywa mafuta na huvuta kodi, kwa hiyo mtake wakala wa forodha akukadirie ushuru kwa gari hiyo hasa, kwa mwaka wake na injini yake, kabla hujatuma hata senti.

Ya pili ni Mercedes SLK ya 2004 hadi 2011. Hii nayo ina paa la bati, ni nyepesi na ndogo, na kwa njia zetu za mjini ni raha. Mimi ningechukua SLK 200 ya lita 1.8. Iwashe asubuhi ikiwa baridi kabisa. Ukisikia mkwaruzo wa sekunde chache za mwanzo, cheni ya taimingi imelegea. Zile za V6 za kabla ya 2007 ziepuke, kwani zina gia ya ndani ya injini inayolika, na kuibadilisha ni kushusha injini nzima. Kagua pia silinda za haidroliki za paa kama zinavuja. Muuzaji akikupandishia bei kwa sababu viti vinapuliza hewa ya moto shingoni, mwambie hapa kwetu haina kazi.

Ya tatu ni Z4 ya 2009 hadi 2016, ambayo iliacha turubai ikaja na paa la bati. Nzuri kwa macho, nzuri barabarani. Lakini iko chini, na matuta ya njia ya Paje yatakwangua tumbo lake, na nyingi zimekuja na matairi ya kutembea hata yakipasuka, bila ya spea tairi. Tairi likikuchanikia Makunduchi usiku utajua maana yake.

Volvo C70 ya 2006 hadi 2013 naitaja kwa mwenye familia, kwani watu wanne wanakaa kweli. Paa lake lina vipande vitatu, na kila kipande kina viungo vya kuharibika. Inunue tu kama ni safi sana.

Porsche Boxster ya mwanzo, ya 1996 hadi 2004, iache. Ina beringi ndani ya injini ambayo ikivunjika huondoka na injini yote, na vijitundu vya maji vikiziba, maji hufikia kompyuta iliyo chini ya kiti.

Ukishafikiwa na gari bandarini, usitie saini ya kuipokea mpaka paa lifunguke na kufungwa mbele ya wakala. Halafu siku hiyo hiyo chukua uzi wa mashine ya kukatia majani, ule mnene wa plastiki, upitishe kwenye vijitundu vya maji polepole mpaka utokee chini.