Press Start 2P: fonti tamu, ila pima maneno yako kwanza

Rafiki yangu ana banda la gemu, akaniomba posta ya mashindano na akasisitiza anataka maandishi ya kizamani, yale ya mashine za kutumbukiza sarafu. Sikuzunguka sana, nikaingia Google Fonts nikashusha Press Start 2P. Ni bure na leseni yake ni OFL, yaani hata kazi ya kulipwa unapiga tu huombi mtu ruhusa. Aliyeitengeneza anajiita CodeMan38, na maumbo ameyatoa kwenye gemu za Namco za miaka ya 1980, hao hao wa Pac-Man.

Kwa muonekano aisee haina mpinzani. Nene, imeshiba, kila herufi imejibana kwenye kiboksi cha doti 8 kwa 8, ukiweka njano juu ya nyeusi mtu anaisoma akiwa ng'ambo ya barabara.

Shughuli ikaja kwenye upana. Kila herufi inakula nafasi ile ile, i ndogo inakaa kiti sawa na M, na upana wa kiti ndo saizi yenyewe ya fonti. Sasa Kiswahili chetu unakijua. TUNAWAKARIBISHA ina herufi 15, nikaweka saizi 72, piga hesabu, 1080, na posta yangu ina upana wa pikseli 1080 hizo hizo! Neno limegusa ukuta huku na huku. Nikashuka mpaka 64, ikawa 960, nikapumua. Na usiniulize kwa nini sikuweka 70, ukitoka kwenye 8, 16, 24 na kuendelea hivyo, doti haziangukii sawa kwenye pikseli za skrini, kingo zinaingia ukungu na utamu wote umeisha.

Halafu jamaa alitaka chini iandikwe HUTOKI NG'O. Hako kaalama ka juu nako kamepewa kiti kizima, ikasomeka kama NG na O wamegombana. Ikabidi niivute O kwa mkono, pikseli 16, yaani doti mbili kamili.

Kwenye kuchapa nikapata msala, kompyuta ya pale haikuwa na hii fonti, ikabadilisha yenyewe ikaweka fonti ya barua ya kuomba kazi, na nakala kumi zilishatoka. Siku hizi nageuza maandishi yawe michoro kabla sijatuma faili. Na WhatsApp natuma kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa na doti zinachafuka.

Tarehe na kiingilio niliandika kwa fonti ya kawaida, maana mistari mitatu tu ya hii macho yanachoka.

Mashindano yamepita salama, sasa jamaa anataka jina zima la banda lipakwe juu ya mlango kwa fonti hiyo hiyo. Herufi 22. Nimemwambia aanze kutafuta mlango mwingine.