Vikokotoo vya safari za ndege: kilomita naziamini, saa nazipiga upya

Navitumia mara kwa mara vikokotoo vya mtandaoni vinavyotoa umbali na muda wa ndege kati ya miji miwili. Kwa kilomita navipa nyota nne. Kwa saa, mbili, na hapo nimevionea huruma.

Kilomita haziwi na utata mkubwa kwa sababu ni jiometri tupu: kikokotoo huchukua latitudo na longitudo za pande zote mbili, kisha hupima njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Vingi huichukulia dunia kuwa tufe lenye nusukipenyo cha kilomita 6,371. Kwa vile dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, jibu linaweza kupotoka hadi kama nusu asilimia, jambo ambalo msafiri hatalihisi. Shida huanzia kwenye unachoandika. "London" peke yake inaweza kukupeleka London ya Kanada, kwa hiyo weka msimbo wa uwanja: LHR (Heathrow, London), JFK (New York). Ukiingiza majira-nukta, yaani hizo latitudo na longitudo, kwa mkono, magharibi na kusini huwekewa alama ya kutoa, na dakika (sehemu za nyuzi, si za saa) hugawanywa kwa 60. Nyuzi 40 na dakika 38 ni 40.63, si 40.38, kosa hilo dogo huusogeza uwanja karibu kilomita 28. Chunguza pia maili ni zipi. Ya nchi kavu ni kilomita 1.609, ya baharini, ambayo ndiyo ya marubani, ni 1.852.

Sasa saa. Vikokotoo vingi hugawa umbali kwa kasi moja, tuseme kilomita 900 kwa saa, na kuongeza nusu saa. London hadi New York ni kama kilomita 5,550, hivyo jibu ni saa 6 na dakika 40, kwenda na kurudi sawasawa. Ratiba za mashirika zinasema vingine: kama saa 8 kwenda New York, kama saa 7 kurudi. Upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi, basi huikaba ndege inayokwenda na kuisukuma inayorudi. Ongeza ndege kutembea ardhini, kupanda, kushuka, na dakika za akiba ambazo mashirika huziweka ili yasionekane yamechelewa.

Kuna pia anga iliyofungwa. Helsinki hadi Tokyo ni karibu kilomita 7,800, na kikokotoo cha aina hii kitakupa saa 9 na dakika 10. Tangu 2022 mashirika mengi ya Ulaya hayapiti anga ya Urusi, kwa hiyo safari hiyo huchukua kama saa 13. Njia fupi ipo kwenye ramani tu.

Mimi muda nautoa kwenye ratiba ya tiketi. Ukiondoka New York 21:00 na kufika London 09:00, ni saa 12 kwa saa za ukutani. Toa 5 za tofauti ya majira, zinabaki 7. Isipokuwa kwa wiki mbili tatu za Machi, Marekani ikiwa imeshasogeza saa mbele na Uingereza bado, na wiki moja hivi mwishoni mwa Oktoba, Uingereza ikiwa imeshazirudisha nyuma na Marekani bado: hapo unatoa 4.