Seti ya mota ya 48V 1000W kwenye vilima vya Kigoma: inakatia wapi na kwa nini

Seti hizi za kuifanya baiskeli ya kawaida iwe ya umeme haziji na jina la maana. Boksi limeandikwa 48V 1000W tu, na ndani kuna gurudumu la nyuma lenye mota kwenye habu, kontrola (kisanduku kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota), ekseleta, vishikio viwili vya breki vyenye swichi, sensa ya pedali na skrini ndogo ya mpini. Betri hununuliwa pembeni. Kwa Tabora, ambako mji umekaa tambarare na baiskeli zimejaa barabarani, ni kifaa kizuri kwa hela yake. Kigoma mambo hubadilika. Ukitoka stesheni kupanda Mwanga, au Kibirizi ukiwa na gunia la dagaa kwenye keria, mota inakata katikati ya mlima, unashuka na kusukuma.

Lawama zote hutupiwa mota, na fundi asiyeijua atakuambia imeungua. Mara nyingi si kweli. Mota ya aina hii haina gia ndani. Ni sumaku, koili, sensa tatu na beringi mbili, basi. Ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwenye boksi. Kinachoiangusha seti ni vile vinavyoizunguka, na betri ndiyo ya kwanza.

Inapokata, kabla ya kugusa waya wowote, tazama skrini. Ikizimika yote, umeme umekatika kutoka kwenye betri: ama BMS, ile saketi ya kulinda betri, imejifunga, ama kuna plagi iliyolegea. Ikibaki inawaka huku mota imekufa, betri inatoa umeme lakini kontrola imekataa kuupeleka. Hapo mtuhumiwa ni swichi ya breki, ekseleta, sensa, joto, au volti zilizoshuka chini ya kikomo cha kontrola. Jambo hili moja linapunguza kazi kwa nusu, na cha kushangaza, karatasi ya maelekezo ya kwenye boksi haina hata mstari mmoja juu yake.

Tuanze na mlima. Chukua mtu, baiskeli na mzigo, jumla kilo 180, kwenye mwinuko wa asilimia 8 kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Kupanda peke yake kunakula takriban wati 785, na msuguano wa matairi unaongeza kama 100. Mota isiyo na gia ikizunguka polepole hupoteza nguvu nyingi kwa joto, hivyo betri inalazimika kutoa karibu wati 1,300. Kwa volti 46, hizo ni ampia 28. Bila mzigo, jumla ikiwa kilo 110, mlima huohuo unataka ampia 17 hivi. Kontrola ya seti hii huruhusu 26 hadi 30, kwa hiyo haitakuzuia. Sasa angalia betri zinazouzwa pamoja nayo: nyingi zina BMS ya ampia 20, na 13Ah zake (ampia-saa, yaani ujazo wa betri) zimetengenezwa kwa seli za 2.6Ah tano tano sambamba. Kwa ampia 28 kila seli inabeba 5.6, wakati seli nyingi za daraja hilo mwisho wake ni 5. BMS inaweza kuvumilia sekunde kadhaa, lakini mlima wa Mwanga hauishi kwa sekunde kadhaa.

Namna ya kuthibitisha: chaji betri mpaka ijae. Ya makundi 13 ya seli yaliyounganishwa mfululizo inapaswa kusoma 54.6V ikiwa imepumzika. Kisha panda mlima huku ukitazama volti kwenye skrini. Ikitoka 52 ikashuka hadi 47 na kurudi ukiachia ekseleta, betri ni nzima. Ikidondoka kutoka 50 hadi chini ya 42, kontrola itakata, kwa kuwa nyingi za 48V zimewekewa kikomo kati ya 40 na 42. Na kama skrini inazimika ghafla wakati volti zilikuwa bado 46 au 47, shuku kundi moja la seli lililochoka. BMS haitazami jumla tu. Inatazama kila kundi kati ya yale 13, na moja likigusa kama 2.8V inafunga zote. Wakati mwingine umeme unarudi wenyewe ukipunguza mzigo. Wakati mwingine hadi uchomeke chaja kidogo.

Makundi hayo hupishana volti zaidi pale betri isipofikishwa mwisho wa chaji. BMS za bei ya chini husawazisha seli polepole sana, tena zikikaribia kujaa tu. Umeme ukikatika kabla taa ya chaja haijageuka kijani na wewe ukaondoka hivyohivyo wiki nzima, pengo linakua. Angalau mara moja kwa wiki iache saa mbili zaidi baada ya kijani, ukiwa karibu nayo. Kufungua betri ni kazi ya mtu aliyeizoea: pete na saa zivuliwe, bisibisi yenye mpini wa plastiki, na kamwe isifunguliwe ikiwa imevimba au imelowa.

Dawa ya muda haina gharama. Ndani ya menyu ya skrini kuna mpangilio wa kikomo cha ampia (namba yake inategemea aina ya skrini). Ushushe hadi 18. Utapanda taratibu na itabidi ukanyage pedali, lakini hutasukuma. Dawa ya kudumu ni betri yenye BMS ya ampia 40 na seli za kutosha, 20Ah hivi.

Upande wa pili, skrini ikiwa bado inawaka, anza na vishikio vya breki. Kila kimoja kina swichi inayoiambia kontrola isimamishe mota. Springi za seti hii ni laini mno. Vumbi jekundu likiingia, kishikio hakirudi hadi mwisho, na kwenye barabara ya mashimo kinatikisika na kukata mota kwa kufumba na kufumbua. Chomoa plagi zote mbili za swichi, breki zenyewe ziache zikifanya kazi kama kawaida, kisha jaribu. Tatizo likiisha, umempata. Kwa kontrola nyingi unaweza kuendesha bila swichi hizo, ila fahamu kwamba ekseleta ikikwama, breki haitazima mota tena.

Ekseleta hupimwa kwa mita. Kati ya waya wa alama (unaopeleka ishara kwa kontrola) na ule mweusi usome kama 0.8 hadi 1V ukiwa umeachia, na upande bila kuruka hadi 3.6 au 4.2 ukivuta hadi mwisho. Ikiruka katikati, tupa, weka nyingine.

Mota ikitetemeka na kunguruma kabla ya kukata, nenda kwenye sensa za Hall, zile tatu za ndani ya mota zinazoiambia kontrola sumaku zimefika wapi. Washa mfumo, pima kwanza 5V kati ya waya mwembamba mwekundu na mweusi, kisha zungusha gurudumu polepole kwa mkono huku ukipima njano, kijani na bluu, mmoja mmoja. Kila mmoja unatakiwa kuruka kati ya sifuri na karibu 5. Usioruka una sensa mbovu au, mara nyingi zaidi, pini iliyorudi nyuma ndani ya plagi nyeupe ya nyaya hizo. Isukume kwa sindano hadi ilie. Hapohapo kagua nyaya tatu nene za mota. Plagi zake zikiwa zimegeuka kahawia, zimekuwa zikiungua kidogo kidogo. Kata, weka mpya, zibanwe sawasawa.

Kosa kubwa la muuzaji wa seti hii ni kutoweka mkono wa kuzuia ekseli isizunguke. Mota inajisukuma dhidi ya fremu, na nati mbili na washa zake hazitoshi kwa fremu za chuma laini. Ekseli ikizunguka hata robo, inavuta waya unaopita ndani yake na kuukata, na hapo ndipo mota huungua kweli. Fundi wa kuchomelea anaweza kukukatia bapa la chuma la milimita 5 lenye tundu linaloibana ekseli, lifungwe kwenye fremu. Waya ukitoka kwenye ekseli uning'inie chini kwanza ndipo upande juu, ili mvua idondoke badala ya kufuata waya hadi ndani ya habu. Kontrola nayo isifungiwe kwenye kile kimfuko kilichokuja na seti. Inataka hewa, na matundu ya nyaya yatazame chini.

Mwenye baiskeli ya Phoenix asikimbilie kununua. Rimu yake ya inchi 28 ina kipenyo cha milimita 635, ya seti ni 622, kwa hiyo tairi lako litapwaya. Nafasi ya gurudumu la nyuma ni finyu kuliko milimita 135 zinazohitajika, na breki za fito hazifungwi kwenye vishikio hivi. Tafuta fremu ya chuma ya baiskeli ya gia ya inchi 26 na uagize gurudumu la kipimo hicho.

Kwa Tabora tunaipa nyota 4 kati ya 5. Kwa Kigoma ni 3, na hizo 3 ni pamoja na mkono wa ekseli na betri ya BMS ya 40. Ukifika dukani, muulize muuzaji ampia za BMS kabla ya kuuliza kilomita. Akikujibu kilomita, mwambie akuonyeshe lebo ya betri.