Kliniki ya Jumatano: ngano ile ile, watoto wawili, magonjwa mawili

Kliniki hii ya mzio na tumbo la watoto hufunguliwa Jumatano tu, ndani ya hospitali moja ya binafsi hapa Mombasa. Naipa nyota nne, na natamani kila mama mwenye mtoto asiyepatana na ngano afike pale kabla hajaanza kuondoa vyakula mezani. Nimepeleka watoto wawili: binti yangu wa miaka miwili, na kijana wa mdogo wangu mwenye miaka mitatu na nusu. Mtaani wote wawili walikuwa wakiitwa watoto wa aleji ya ngano. Pale kliniki kila mmoja alipata jina lake la ugonjwa, na maisha yao ya mbele hayafanani.

Swali la kwanza la daktari lilihusu muda. "Mama, akishakula mkate, inapita muda gani kabla hujaona kitu?" Kwa binti yangu jibu lilikuwa jepesi: chai haijapoa. Akipata kipande cha mahamri, midomo inavimba, mabaka yanatoka shingoni yanamwasha, anatapika, na siku moja kifua kilianza kulia. Kwa kijana, mdogo wangu hakuwa na cha kusema. Hakukuwa na siku ambayo angeweza kusema "alikula hiki, akaumwa". Alikuwa na tumbo kubwa, miguu myembamba, choo chepesi chenye harufu kali, na hasira zisizokwisha. Alishapewa dawa za minyoo mara nyingi tu, na dawa ya kuongeza damu ambayo haikuongeza kitu.

Hapo daktari akaomba kijitabu cha mama na mtoto. Wengi wetu tunadhani kile ni cha chanjo. Yeye alifungua ukurasa wa uzito akafuata mstari kwa kalamu: ulipanda vizuri miezi ya mwanzo, kisha ukalala baada ya kijana kuanzishiwa uji wa mchanganyiko na mkate wa kuchovya kwenye chai. Mstari wa binti yangu ulikuwa unapanda bila wasiwasi. Akasema mtoto mwenye mzio wa ngano mara nyingi hukua vizuri, huumwa pale anapokula tu, na dalili hujitokeza ndani ya dakika chache hadi kama saa mbili. Seliaki ni kitu kingine. Mwili wenyewe huushambulia utumbo mwembamba kila gluteni, yaani protini iliyo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, inapopita, taratibu, na chakula kinashindwa kuingia mwilini. Lakini alikuwa mwangalifu: hizo ni dalili za kumwelekeza, jibu lingetoka kwenye vipimo.

Binti yangu alipimwa kwenye ngozi ya mkono. Tulipopiga simu kuweka nafasi, dada wa mapokezi alitwambia tusimpe Piriton wala dawa nyingine ya aleji kwa muda wa kama wiki moja, kwa sababu huficha majibu. Naisifu simu ile; kuna mama aliyekuja bila kuuliza akarudishwa nyumbani. Walidondosha matone ya ngano, na pia ya maziwa na mayai kwa kuwa mahamri ya watu wengine yana vyote, wakachoma juu juu tu, wakasubiri dakika 15. Kulikuwa na tone la histamini, kemikali inayoleta uvimbe wa aleji, ambalo lazima livimbe na la maji ya chumvi ambalo halipaswi kuvimba. Ngano ilivimba kupita kiasi wanachokihesabu, milimita 3 zaidi ya lile la maji ya chumvi. Daktari akasema uvimbe peke yake hautoshi, maana wapo watoto wanaovimba na wanakula mkate salama. Kilichomtosha ni uvimbe ule pamoja na yale tuliyoyaona nyumbani.

Kijana alitolewa damu: kingamwili za tTG, ambazo hupanda kwa mwenye seliaki, pamoja na kiasi chote cha IgA mwilini, aina ya kingamwili ambayo kipimo hicho huitegemea. Nilimuuliza kwa nini viwili. Akaeleza kwamba wapo watoto wanaotengeneza IgA kidogo tangu kuzaliwa, na kwao tTG inaweza kutoka safi hali ugonjwa upo. Ukienda kupima popote pale, ulizia vyote viwili.

Hapa nitasema jambo linaloniuma. Kabla ya kufika kliniki hii, mdogo wangu alishalipa pesa nyingi kwenye maabara moja kwa kipimo cha vyakula vingi kwa mpigo. Akapewa karatasi ya rangi inayomkataza kijana ngano, maziwa, mayai, ndizi na maharage. Mtoto aliyekonda tayari! Daktari aliisoma yote kwa heshima, kisha akamwambia kwamba kipimo kile hutafuta IgG, aina nyingine ya kingamwili, ambayo huonyesha tu kwamba mtu amewahi kula chakula hicho, na kwamba vyama vya madaktari wa mzio vya Ulaya na Marekani havishauri kukitumia. Ndizi na maziwa vikarudi siku ile ile.

Mvutano mkubwa ulikuja kwa mavyaa wa mdogo wangu, aliyefuatana nasi. Yeye alitaka ngano ikatwe leo leo. Daktari akamgeukia: "Shikamoo bibi. Nakuomba umwachie mkate mpaka tumalize. Tukiukata sasa, utumbo utaanza kupona, damu itatulia, nasi hatutajua anaumwa nini." Bibi hakuridhika mara moja, na daktari hakumharakisha, ingawa foleni nje ilikuwa ndefu. Baba wa mtoto naye aliona ajabu mkate kuwa ugonjwa, akahadithiwa habari za Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Huyo aliona watoto wa aina hii wakipata nafuu mkate ulipoadimika katika njaa ya baridi ya 1944 hadi 1945, na wakaumwa tena mkate uliporudi. Nimekaa kwenye vyumba vingi vya madaktari ambako bibi hasemeshwi kabisa, na ndiye anayepika.

Majibu ya kijana yalikuwa juu, lakini si juu sana. Kwa mwongozo wa 2020 wa madaktari wa tumbo la watoto wa Ulaya, tTG ikifika mara kumi ya kiwango cha juu cha kawaida au zaidi, na damu ya pili ikathibitisha, mtoto anaweza kupewa jibu bila kamera. Wa kwetu hakufika hapo, ikabidi aende Nairobi kuingizwa kamera na kuchukuliwa vipande vidogo vya utumbo. Safari ile ndiyo gharama kubwa ya shughuli nzima. Jibu likarudi: seliaki. Wazazi wake na dada yake nao wakapimwa damu, kwa sababu ugonjwa huu hufuata damu ya karibu.

Sasa tofauti yao ya maisha. Kijana ameachana na ngano, shayiri na rai moja kwa moja, maisha yake yote, hata vinywaji vya kimea. Kidogo tu kila siku humrudisha nyuma hata asipolalamika. Binti yangu ameachana na ngano, na shayiri mpaka wampime nayo. Huenda akaushinda mzio wake akikua, kama watoto wengi, na siku ya kujaribu atailia ngano pale pale kliniki, kidogo kidogo, adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, ikiwa tayari. Lakini hatari yake ni ya saa hiyo hiyo. Tumeandikiwa mpango: akivimba na kifua kikalia, ni sindano ya adrenalini ya paja na hospitali, maana Piriton haifungui njia ya hewa. Kalamu ya adrenalini, sindano iliyojazwa tayari ya kumchoma mtoto nyumbani, hatukuipata kwenye maduka ya dawa tuliyopita, na hapo kliniki haikuwa na msaada zaidi ya kutuelekeza hospitali ya karibu yenye sindano.

Upungufu mwingine ni karatasi ya vyakula. Ilichapishwa kwa watu wa mbali: mkate wa rai, kuskusi, keki za Krismasi. Boko boko haimo, viazi karai haimo, kaimati, tambi, mkate wa mayai, hakuna. Mwuguzi wa lishe, mama mtu mzima wa hapa hapa, alichukua kalamu akaandika upya nyuma ya karatasi tukimtajia. Vitumbua, vibibi na mkate wa sinia ni mchele, ruhusa, ila umuulize mpishi kama ametia unga wa ngano kidogo. Mofa ulizia, siku hizi wengi huchanganya. Unga wa uji wa mchanganyiko soma pakiti, na wimbi usilisage kwenye kinu kinachosaga ngano. Maandishi yake ya mkono yamebandikwa jikoni kwangu na kwa mdogo wangu. Kliniki ingeyachapisha.

Kusubiri ni kurefu, viti ni vya chuma, na daktari ni mmoja; akisafiri, wiki hiyo hakuna kitu. Piga simu Jumatatu asubuhi, beba kijitabu, beba picha za mabaka kwenye simu maana siku ya kliniki huwa yamekwisha, na mwachie mtoto mkate wake ikiwa haumdhuru papo hapo. Nyota ya tano nitaiongeza siku watakapomleta daktari wa pili.