Miezi mitano ya To-Shin Do

Nilijiunga na darasa la To-Shin Do, sanaa ya kujihami, hapa Ohio, Marekani, baada ya mtu kunikwida koti kituoni usiku nikitoka kazini. Mfumo huu waliuanzisha Stephen K. Hayes na mkewe Rumiko mwaka 1997, kutokana na ninjutsu, sanaa ya mapigano ya ninja, ambayo Stephen alijifunza kwa Masaaki Hatsumi, Japani.

Wiki za kwanza ilikuwa kuanguka tu: kidevu kifuani, unabingirika kutoka bega hadi nyonga ya upande wa pili. Kisha somo la "ardhi", yaani kusimama imara: magoti yamelegea, uzito chini, sauti nzito, "Rudi nyuma!" Mimi nimelelewa kunyamaza, sauti ilikataa kutoka. Mwalimu alinisubiri, hakunicheka. Sasa inatoka.

Mikeka ni myembamba, bega liliniuma wiki nzima, na ada si ndogo kwa sisi wabeba maboksi. Hata hivyo, Jumamosi nimemwandikisha binti yangu.