Marhamu ya nta ya nyuki kwa magaga: uzoefu wangu

Kati ya dawa za nyumbani nilizotumia kwa magaga ya visigino na mikono iliyokauka, naiweka mbele marhamu ya nta ya nyuki na mafuta ya nazi, kwa sharti moja: ipakwe ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta hayaongezi maji, huyazuia yaliyomo yasitoke. Ukipaka kwenye kisigino kikavu, kitang'aa tu, na asubuhi ni kilekile.

Chukua nta gramu 20 na mafuta ya nazi gramu 80. Kwaruza nta kwanza iyeyuke upesi, uiweke pamoja na mafuta kwenye bakuli lililo ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo moto mdogo unatosha. Usiibandike moja kwa moja jikoni, inaweza kushika moto. Dondoshea tone kwenye kijiko baridi. Likiganda kama mshumaa, ongeza mafuta; likiteleza, ongeza nta. Kikopo cha kuihifadhia kiwe kikavu kabisa, maana maji yakiingia ukungu hufuata. Mafuta ya nazi pekee huanza kuyeyuka karibu nyuzi 24, ndiyo maana huishia kwenye shuka badala ya kubaki mguuni.

Usiku, loweka miguu dakika 10 hadi 15 kwenye maji ya uvuguvugu. Maji ya moto huondoa mafuta ya asili ya ngozi. Sugua taratibu kwa jiwe la miguu, ile ngozi nene tu. Ukingo mgumu wa gaga haunyumbuki, basi kila ukikanyaga unapasuka upya. Usipoupunguza, marhamu inafanya kazi bure. Lakini si kwa wembe, na si kwa siku moja. Futa kwa kugusagusa, paka ndani ya dakika 3, vaa soksi za pamba. Yape majuma mawili.

Kwa mikono, tangulia na glisirini, sehemu 1 kwa sehemu 3 za maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha marhamu juu. Glisirini isiyochanganywa inanata na kuudhi. Mshubiri unaburudisha lakini hukauka haraka. Mwaga kwanza ule utomvu wa njano, unawasha.

Limau silipendekezi hata kidogo. Ngozi ina asidi kidogo, limau linayo nyingi mno: kwenye gaga wazi linachoma, na ngozi yenye maji yake ikipigwa na jua inaweza kuungua na kubaki na madoa. Magadi nayo yanaharibu kwa upande wa pili, maana ni alkali, kinyume cha asidi. Mafuta ya zeituni, pamoja na sifa zake zote, yana asidi ya oleiki nyingi, aina ya asidi ya mafuta inayolegeza tabaka la juu la ngozi linalozuia maji yasitoke. Ya alizeti ni afadhali.

Mwenye kisukari au ganzi miguuni asiloweke wala asisugue, aende akaangaliwe na mhudumu wa afya. Gaga linalotoa damu au usaha nalo si la kutibia nyumbani. Na kama kuna magamba yanayowasha katikati ya vidole, huenda hao ni fangasi: marhamu hii haiwaui.