Sri Pada, Sri Lanka: kupanda usiku kwa njia ya Dalhousie

Sri Pada ni mlima mtakatifu ambao watu huupanda kuhiji, kwa ajili ya alama ya unyayo iliyo kileleni. Anza na tarehe. Msimu wa hija unaanzia mwezi mpevu wa Desemba hadi wa Mei, na ndani ya msimu huo ningeepuka wikendi na usiku wa mwezi mpevu. Umati ukijaa, ngazi za juu hukwama kabisa, na jua huchomoza huku umezibwa na migongo ya watu. Nje ya msimu taa za njiani huzimwa, vibanda vya chai hufungwa, na mvua na upepo huachiwa mlima. Sikushauri.

Treni ya kutoka Colombo au Kandy inakushusha Hatton, kisha basi linapita Maskeliya hadi Dalhousie, kijiji kilicho chini ya mlima. Kutoka hapo ni kama kilomita 7 na ngazi zipatazo 5,500 hadi kileleni, mita 2,243. Mwanzo ni mwepesi: unapita pagoda nyeupe ya amani iliyojengwa na Wabudha wa Kijapani. Ugumu uko juu, kwa kuwa ngazi hazilingani. Moja ya kiganja, inayofuata inakaribia goti, hivyo mwendo haushiki. Tenga saa tatu, nne kukiwa na watu wengi.

Wengi hukosea kwa kuondoka saa sita usiku. Wanafika saa tisa, jasho linawapoea mwilini, na mapambazuko bado yako mbali. Ondoka saa nane. Beba fulana kavu na koti, ubadilishe kwenye kibanda cha mwisho cha chai, kabla upepo haujakukuta na nguo mbichi.

Kileleni unavua viatu, na sakafu ni baridi kama barafu. Soksi nzito zinasaidia. Unyayo wenyewe huuoni, umefunikwa na jiwe, wala hairuhusiwi kuupiga picha. Wabudha wanasema ni wa Buddha, Wahindu wa Shiva, Waislamu wa Nabii Adamu. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipanda hapa mwaka 1344. Kengele iliyo kileleni hugongwa mara moja kwa kila hija uliyokamilisha, kwa hiyo mgeni anagonga moja tu. Tafadhali liheshimu hilo.

Jua likishatoka, usibaki mashariki na umati. Zunguka upande wa magharibi: kivuli cha mlima kinalala juu ya ukungu kama pembetatu kamili, kisha kinafupika na kupotea upesi. Kwangu hicho kinashinda jua lenyewe, na wengi wanakikosa kwa kutogeuka tu.

Kushuka ndiko kunakoumiza magoti. Chukua fimbo, shuka kiubavu kwenye ngazi ndefu, na usikimbie kwenye zege lenye umande.

Kiingilio hakuna. Njiani unaweza kufungwa uzi mweupe mkononi na kuonyeshwa daftari la michango lenye viwango vikubwa. Toa ulichokusudia, inatosha.